Mwinjilisti Aliyekipita Kikombe

Kila Jumapili nikisikia watu wanaimba kwamba wameacha yote wamfuate Bwana, huwa napitisha macho benchi kwa benchi nimtafute aliyeacha hata kitu kimoja. Simwoni. Namwona mama aliyemfungia jirani yake bomba la maji juzi. Namwona baba mwenye gari aliyewapita wazee wenzake njiani wakija ibadani kwa miguu, vumbi likawafunika, na sasa ndiye anayeimba kwa nguvu kuliko wote. Mimi ni fundi cherehani hapa Kilole, Korogwe mjini. Nashona majoho ya kwaya na kanzu za wachungaji, kwa hiyo vipimo vya watu wengi wa kanisa ninavyo. Katika wote hao nimemjua mmoja tu aliyelichukua neno la kufuata kama lilivyo, na nikimkumbuka sijui nianze kumsifu au nianze kumgombeza.

Tulimwita Mwinjilisti, basi. Kwa asiyejua mambo ya kwetu, mwinjilisti ni yule anayelibeba kanisa la kijijini mchungaji asipokuwepo, yaani karibu siku zote. Anahubiri, anazika, anafundisha watoto wa kipaimara, na mwisho wa yote anafagia. Mchungaji akifika na gari lake, mwinjilisti anasogea pembeni anashika vitabu. Nilimkuta kijijini Kwashemshi nilipokuwa msichana wa kwaya, na tangu hapo sikumpoteza. Alikuwa mrefu, mwembamba, shati la mikono mirefu limefungwa vifungo mpaka kooni hata mwezi ambao Korogwe nzima inachemka kama sufuria.

Alikuwa na kauli yake moja ambayo ilituchosha. Ukimweleza jambo gumu la Maandiko, ukamuuliza maana yake, alikuwa anakutazama kwa upole kisha anasema, "Hilo limeandikwa lifanywe, halikuandikwa lisomwe." Basi, mazungumzo yamekwisha. Vijana wa kwaya walimwigiza. Mtu akiambiwa alete kuni, wenzake walisema hilo limeandikwa lifanywe, tukacheka mpaka tukashika mbavu.

Uongo mdogomdogo tunaoishi nao sisi wote, yeye hakuuweza. Simu zilipofika kijijini, nchi nzima ilijifunza kusema "nipo njiani" huku mtu bado amejifunika shuka. Mwinjilisti akipigiwa na wazee kwamba kikao kinamngoja, alisema, "Bado nipo nyumbani, nanyoa ndevu. Halafu nitakunywa chai." Wazee walikasirika kana kwamba amewatukana. Mmoja alimwambia waziwazi, "Mwinjilisti, si useme tu unakuja, kuna shida gani?" Akajibu kwamba shida ni kwamba haji, bado. Mambo ya namna hiyo yanachekesha ukiyasimulia, lakini jaribu kuishi hivyo wiki moja uone utabaki na marafiki wangapi.

Na akiombwa, alitoa. Maandiko yamesema ukiombwa utoe, kwake ikawa sheria kama sheria za barabarani. Baiskeli yake ilizunguka kijiji kizima. Siku akiihitaji kwenda kuzika, alikwenda kwa miguu. Kuna mwaka mvua za vuli zilikuja mapema, kila mtu yuko shambani, mlevi mmoja akaja kuomba jembe. Akampa. Jembe lile lilikuwa la mkewe. Mama wa watu akasimama uani mikono mitupu, anatazama mvua inavyolowesha shamba lake ambalo halijaguswa. Niliuona uso wake siku ile kwa sababu nilikuwa nimetumwa chumvi kwao, na mpaka leo roho inaniuma. Watu wakasema, tazameni Mkristo wa kweli. Hakuna aliyesema, tazameni mke wa Mkristo wa kweli anavyolala njaa.

Baadaye alihamishiwa Kang'ata, kule Handeni, na sababu ya kuhamishwa nitaisema, maana ndiyo hasa iliyonikalisha niandike. Kang'ata Wakristo ni wa kuhesabika. Wenyeji ni Wazigua, Waislamu tangu mababu, wakulima wa mahindi na machungwa, na pembeni wapo wafugaji wa Kimaasai. Kanisa lenyewe lilikuwa banda la miti na mabati. Waliompeleka walifikiri wamemtupa. Lakini kule alipendwa kuliko alivyopendwa na sisi. Mwezi wa Ramadhani hakula hadharani hata pipi. Palipotokea msiba alikuwa wa kwanza kwenda kuchimba kaburi, na akikaa mkekani alikula bada, ule ugali wa muhogo, na kisamvu walichompa, akanyamaza, bila kutafuta nafasi ya kuhubiri. Mzee mmoja wa msikitini aliwahi kuniambia nilipokwenda kupeleka kanzu, "Mgosi huyu mngetuletea yeye mwanzo, kabla hamjatuletea yale maspika yenu." Nilicheka, ila aibu ilinishika.

Huko huko Kang'ata ng'ombe wa wafugaji waliingia shambani kwake wakala mahindi yote. Wengine waliopatwa na jambo kama hilo walikuwa wanakwenda ofisi ya kijiji, inadaiwa fidia, maneno yanakuwa mengi, na wakati mwingine fimbo zinanyanyuliwa. Yeye alikwenda mwenyewe bomani kwa wale wafugaji, akasalimia, akanywa maziwa, akasema, "Nimewasamehe." Wale Wamaasai walishangaa mpaka wakamsindikiza nusu ya njia. Akarudi nyumbani ana furaha. Mkewe alikuwa anachambua mboga, akauliza, "Umewasamehe mahindi ya nani?"

"Yetu."

"Mimi ndiye niliyelima. Mimi ndiye niliyepalilia wewe ukiwa kwenye semina. Mungu alikuambia usamehe ya kwako, baba. Ya kwangu ungeniuliza."

Hadithi hii nilisimuliwa na mkewe mwenyewe, hapa hapa dukani kwangu, siku nyingi baadaye, amekaa kwenye kiti cha wateja. Alikuwa anacheka akisimulia, ila nilimwona anafuta macho kwa upande wa kanga. Alikwisha fariki, Mungu amrehemu. Mimi nasema wazi, utii wa mume wake yule mama aliulipia kuliko mume mwenyewe.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe.

Mwinjilisti alikuwa na binti mmoja, mwenzangu wa sauti ya pili kwenye kwaya ya Kwashemshi. Alikuwa mtu mzima, anafundisha watoto wa chekechea, mcheshi, mwenye sauti ambayo ikiingia sisi wengine tunapumzika. Mwalimu wetu wa kwaya alikuwa kijana wa familia kubwa, baba yake ndiye mwenyekiti wa wazee wa kanisa. Yaliyotokea kati yao kila mmoja kwenye kwaya aliyajua. Alimwahidi ndoa. Sisi tulikwisha anza kuchagua rangi ya sare. Binti akapata mimba, na yule bwana akaamka asubuhi moja hamjui.

Kwetu kuna utaratibu. Msichana akipata mimba kabla ya ndoa, anatengwa. Jina lake linasomwa mbele ya usharika, anaondoka kwenye kwaya, anakaa benchi la nyuma, hashiriki Meza ya Bwana, mpaka siku atakapopiga magoti mbele ya watu wote atubu, ndipo arudi kundini. Utaratibu huo nimeuona tangu utoto. Nimeona wasichana wangapi wakikaa lile benchi, matumbo yao mbele yao, wanatazama sakafu. Nawauliza ninyi mnaosoma, mmewahi kumwona mwanamume kwenye benchi lile? Zile mimba ziliingia kwa upepo? Mimi sijamwona hata mmoja, na nimesali maisha yangu yote.

Baraza la wazee likakaa. Mwinjilisti akasema mle ndani kwamba yasomwe majina mawili. Hilo nampa haki yake, alilisema. Mwenyekiti, babake yule kijana, akajibu kwamba kijana amekana, na kanisa haliwezi kumsoma mtu kwa maneno ya mitaani, ila binti ushahidi anatembea nao. Wazee wakatazama chini. Wakaamua lisomwe jina moja. Na kwa sababu mchungaji alikuwa safarini, msomaji atakuwa Mwinjilisti.

Akasoma! Alisimama pale mbele na shati lake la vifungo mpaka kooni, akalisoma jina la mtoto wake wa kumzaa, jina la ubatizo, la babu na la ukoo, sauti haikutetemeka. Mkewe alitoka nje. Kisha yule mwalimu wa kwaya akainua mikono yake akatuongoza kuimba, na wimbo wenyewe ulihusu neema. Sitasahau mikono ile. Sauti ya pili siku ile haikusikika, maana sisi tuliobaki tulikuwa tunameza machozi.

Baada ya ibada nilimfuata kwa hasira, nikasahau hata shikamoo. Nikamwambia, "Mwinjilisti, umewezaje?"

"Baraza limeagiza. Nimeweka kiapo cha kulitii."

"Hata likiagiza uongo?"

Alikusanya vitabu vya nyimbo, akavipanga kwenye sanduku kimoja kimoja.

Jumapili iliyofuata alifanya jambo ambalo hakuna aliyelitegemea. Alimaliza kuhubiri, na badala ya kurudi kwenye kiti chake cha mbele, akatembea katikati ya kanisa mpaka nyuma, akakaa kwenye lile benchi na mwanawe. Na binti yake, nilimwona kwa macho yangu, akasogea. Akasogea mpaka mwisho wa benchi, akamwachia babake nafasi ambayo wangekaa watu wanne. Wiki chache baadaye akaacha kabisa kuja. Lakini mzee aliendelea kukaa pale kila Jumapili, peke yake. Wazee wakamwambia arudi mbele, analeta picha mbaya. Akasema kanuni za kanisa hazikutaja mahali mwinjilisti anapokaa. Ndipo ikapatikana barua ya kumhamishia Kang'ata, eti kule kazi ya injili inahitaji mtu wa uzoefu. Akatii, akafunga mizigo.

Yule mwalimu wa kwaya alioa kanisani, akashangiliwa. Leo ndiye mzee wa kanisa pale pale, na ni yeye anayesoma majina ya wanaotengwa. Nikisema nina hasira watu wananiambia nimwachie Mungu. Nimemwachia, lakini hasira amenirudishia mwenyewe, na mimi nachukulia kwamba ana kazi nayo.

Habari ya kikombe niliigundua baadaye. Mwinjilisti alistaafu, akaja kuishi hapa Kilole, nyumba ya nyuma ya kwangu. Mara nyingi Meza ya Bwana ikiandaliwa aliombwa amsaidie mchungaji, yeye akibeba kikombe, mchungaji akigawa mkate. Nikawa namtazama. Anapita na kikombe mstari mzima, anakifuta, anawanywesha wote, na mwisho wanapobaki watumishi wapeane wao kwa wao, yeye anakiweka mezani, anainamisha kichwa, anaondoka. Mwezi mwingine hivyo hivyo. Watu walisema anafunga. Wengine walisema ni unyenyekevu, mtu wa Mungu huyo, hajioni kuwa anastahili. Sikuvumilia, nikamuuliza siku moja akiwa amekuja kubadilishiwa ukosi wa shati.

"Namsubiri mwenzangu," akasema.

"Nani?"

"Niliyemsoma. Siku atakayopokea yeye, nami nitapokea."

Nilikaa na lile shati mikononi. Hesabu mwenyewe miaka, kwa sababu yule mtoto aliyekuwa tumboni sasa ni fundi pikipiki mwenye watoto wake. Miaka yote hiyo mtu anabeba kikombe asikinywee, na kati ya wachungaji waliopita, hakuna hata mmoja aliyemuuliza, "Mzee, vipi?" Na binti alikuwa amekataa kupiga magoti, akasema atapiga siku yule bwana atakapopiga naye, wapige pamoja. Mimi naona ana haki. Kanisa liliona ana kiburi.

Wakati huo binti alikuwa anaishi humo humo nyumbani kwa babake. Mama alipofariki, yeye ndiye aliyerudi kumtunza. Alimpikia, akamfulia, akampeleka hospitali. Lakini baba na mwana walizungumza habari za dawa na mboga tu. Nilikuwa nikipita uani kwao nasikia, "Baba, uji tayari," na "Asante, mwanangu," na baada ya hapo ni kuku tu wanaosikika. Hilo ndilo lililonishangaza kwake kuliko yote. Alikuwa na ujasiri wa kwenda bomani kwa watu wasiomjua akawapa msamaha ambao hawakuuomba, na hakuwa na ujasiri wa kuvuka sebule yake mwenyewe.

Mara ya mwisho kukaa naye ilikuwa mchana wa Jumapili, mwaka huu. Alikuwa hainuki tena kitandani bila kushikwa. Nilikuwa nimemletea maziwa, nikamkuta mchungaji wetu, kijana mpole ametoka chuoni karibuni, amekuja kumshirikisha Meza ya Bwana nyumbani kama wanavyofanyiwa wagonjwa. Alikuwa ametandika kitambaa cheupe kwenye stuli, kikombe kidogo juu yake. Mama mmoja wa kanisa alikuwa ameshika kitabu cha nyimbo.

Mzee akamnyooshea kidole binti yake, aliyekuwa mlangoni anafuta mikono. "Na huyu?"

Mchungaji akatabasamu kwa shida. "Huyu, mzee wangu, bado hajarudi kundini. Akija Jumapili moja tu akapiga magoti, tunampokea. Ni jambo la dakika."

"Basi na mimi bado," akasema mzee, akafumba mdomo.

Mchungaji akaanza kumbembeleza, kwamba afya yenyewe hii, kwamba nani ajuaye kesho. Yule mama wa kanisa akasema, "Ona imani hiyo, jamani." Na hapo binti akaingia ndani.

"Imani gani?" akasema. "Baba, nani alikuambia usinywe kwa ajili yangu?"

Mzee akamtazama.

"Mimi nilikuomba? Umekipita kikombe, watu wakakuita mtu wa Mungu. Umekaa benchi la nyuma, wakakuita mtu wa Mungu. Kila ulichofanya umewafanyia wao wakione, au umemfanyia Mungu, mimi sijui. Mimi nakaa na wewe nyumba moja. Nakulisha kwa mkono huu. Hujawahi kuniambia mimi neno moja."

"Nilitii baraza, mwanangu."

"Najua ulitii. Sijakuuliza hilo."

Mchungaji alitaka kusema kitu, nikamkazia macho akaacha. Mzee akajaribu kujiinua, akashindwa, akaomba nimwegemeze. Nikamwekea mto mgongoni. Mifupa yake ilikuwa myepesi mkononi mwangu. Alikaa kidogo akipumua, kisha akasema, na sauti iliyokuwa haitetemeki siku ile nyingine sasa ilikuwa inatetemeka yote:

"Nilijua hukuwa peke yako. Nilijua jina la pili, na nilijua kwa nini hawakulitaka. Nikasoma la kwako tu. Nilisema ni utii. Nilikuwa nawaogopa, mwanangu. Nimekukosea. Nisamehe."

Binti hakulia. Alisimama tu, maji yanadondoka kwenye vidole vyake. Mama wa kanisa ndiye aliyelia, kwa kwikwi. Mchungaji akashusha pumzi, uso umemchangamka, akanyoosha mkono kuchukua kikombe. "Bwana asifiwe," akasema. "Basi, tuendelee?"

"Ngoja, Mchungaji," akasema mzee. "Hajanijibu."

"Mzee, nina mgonjwa mwingine kule ng'ambo ya reli, na jua linakwenda."

"Nenda basi, baba. Mimi namngoja huyu."

Binti akavuta kigoda, akakaa mbele ya babake, akaikunja kanga yake magotini, akamtazama usoni. Yule mchungaji kijana alitazama saa, akatutazama sisi, akakifunika kikombe kwa kitambaa. Akatafuta mahali pa kukaa, akakosa, akasimama ukutani karibu na mimi, naye akamngoja.